Ng'ombe wa Jirani na Chumvi ya Swala



Ndugu msomaji, siku ya tatu ya Idd tulikaa watu sita uani kwetu Busia, upande wa Kenya, tukimalizia pilau. Mmoja wetu ni mzaliwa wa Tororo. Alimaliza chuo mbele yetu, na baada ya miaka miwili ya kuzungusha vyeti amepata kazi katika shamba moja kubwa la mifugo magharibi mwa Uganda, ambako wageni huja kuwinda kwa kibali. Wakati wa kiangazi kazi yake ni kuweka mawe ya chumvi na pumba za mahindi ili swala na punda milia wasihame, na kuhakikisha ng'ombe wa majirani hawafiki hapo. Alitusimulia haya akicheka. Kisha akaacha kucheka, akauliza:

"Jamani, mwezi uliopita nilimfukuza mzee mmoja na ng'ombe wake wanne kwenye bwawa, kwa sababu chumvi iko kando ya bwawa. Mshahara wangu ni halali?"

Hakuna aliyemjibu. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Tuanze nyumbani. Busia na Tororo mashamba ni madogo, na ng'ombe wengi hufungwa kwa kamba pembeni mwa shamba au kando ya barabara. Kamba ikikatika na ng'ombe akaingia kwenye mahindi ya jirani, hakuna anayeuliza mahindi yalikuwa wapi. Mwenye ng'ombe huenda kuomba radhi, na akitakiwa kulipa hulipa. Ndugu yetu amelelewa katika desturi hiyo, kwa hiyo alipopewa kazi ya kufukuza ng'ombe hakuona ajabu. Maisha yake yote ng'ombe aliyefika pasipo pake ndiye mkosaji.

Lakini mahindi ya jirani yamepandwa ili watu wale. Chumvi ile imewekwa ili swala asimame karibu. Je, hukumu ni ile ile?

Kwanza tuwatendee haki wenye shamba. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Uganda ilifuata njia nyingine: sheria yake ya wanyamapori ya 1996 iliruhusu watu kupewa haki ya kuwatumia wanyama hao, na mwaka 2001 mamlaka ya wanyamapori ikaanza kwa majaribio uwindaji wa kulipia katika mashamba yaliyo nje ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo. Hoja yao si ya kupuuzwa. Swala hajui mpaka wa hifadhi. Hula majani ya mfugaji na kunywa maji ya mfugaji, naye mfugaji hapati kitu. Mfugaji asiyepata kitu hatimaye humuua swala au humfukuza. Ada ya mwindaji ikirudi kijijini kama shule au zahanati, swala anakuwa na mtetezi.

Pili, kuwatenga ng'ombe na wanyama wa porini kuna sababu ya afya, na watu wa Tororo wana haki ya kulisema hili kuliko wengine. Shirika la Afrika Mashariki la utafiti wa malale lilikuwa na makao yake Tororo. Mwaka 1958 vimelea vya malale vilipatikana ndani ya pongo upande wa Kenya, karibu na Ziwa Viktoria. Miaka michache baadaye, katika muongo wa 1960, watafiti wa Tororo walionyesha kwamba hata ng'ombe wa kawaida wa Alego, Nyanza, wanaweza kuvibeba bila mwenyewe kujua. Zaidi ya hayo, ng'ombe asiyezoea nafaka akivamia pumba na mahindi mengi kwa mara moja huvimbiwa na anaweza kufa. Basi uzio unaweza kuwa rehema kwa ng'ombe mwenyewe.

Hata hivyo, sababu njema haitoshi mpaka tujue gharama yake anailipa nani. Hapo historia inatufundisha kuwa waangalifu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, huko huko Ankole, serikali ya kikoloni iliajiri wawindaji waue wanyamapori ili mbung'o wakose chakula na ng'ombe wapone. Mwaka 1983 eneo la Ziwa Mburo likatangazwa hifadhi ya taifa, na wafugaji wakaondolewa. Mtu mmoja angeweza kuyaona yote mawili katika umri wake: kwanza swala anauawa kwa ajili ya ng'ombe, kisha ng'ombe anafukuzwa kwa ajili ya swala. Nyakati zote mbili aliyeamua hakuwa yule mwenye ng'ombe wanne.

Dini yetu haikuliacha jambo hili bila mwanga. Qur'ani katika Suratul Anbiyaa inatukumbusha kesi iliyopelekwa kwa Nabii Daud na Nabii Sulayman (A.S.): kondoo wa watu waliingia usiku katika shamba la wengine wakaliharibu. Wafasiri wanaeleza kwamba Sulayman alihukumu mwenye shamba anufaike na kondoo kwa muda, huku mwenye kondoo akilitengeneza shamba mpaka lirudi lilivyokuwa. Kila mmoja alipata haki yake na hakuna aliyefilisika. Imepokewa pia kwamba ngamia wa Al-Baraa bin Azib (R.A.) aliharibu bustani ya mtu, na Mtume (S.A.W.) akahukumu kwamba mchana wenye bustani ndio walinzi wa bustani zao, na usiku wenye mifugo ndio walinzi wa mifugo yao. Tazama uadilifu huu. Mzigo wa kulinda haukutupwa wote upande mmoja. Mchana wanyama wanapochungwa, mwenye kitu cha kuvutia ndiye anayekilinda.

Kwa kipimo hicho, mwenye kuweka chumvi na pumba mahali pa wazi, katika nchi ambayo ng'ombe wamepita tangu zamani, ndiye mwenye wajibu wa kuweka uzio. Yeye ndiye aliyeleta kivutio. Hawezi kuacha pumba uwanjani kisha akampiga ng'ombe kwa kuwa na pua. Mchungaji anayebomoa uzio kwa makusudi ana kosa lake. Ng'ombe aliyefuata harufu hana kosa.

Maji ni jambo jingine kabisa. Mtume (S.A.W.) alikataza kuzuia maji yaliyozidi kama njia ya kuzuia malisho. Hila ile waliijua tangu enzi hizo: huna haja ya kuyafunga majani, funga kisima tu, na wafugaji wataondoka wenyewe. Mtu akiiweka chumvi kando ya bwawa pekee, kisha akasema hazuii maji bali analinda chumvi yake, matokeo ni yale yale. Chumvi huhamishika. Bwawa halihamishiki.

Na je, si thawabu kumlisha swala wakati wa ukame? Tumefundishwa kwamba katika kila chenye ini bichi kuna ujira, na mtu alisamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Lakini amali hupimwa kwa nia. Kuwinda kwa ajili ya kula ni halali bila shaka. Kufanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha kumekatazwa. Sisemi kwamba swala aliye kwenye chumvi ni sawa na mnyama aliyefungwa kamba akalengwa. Hilo waliamue wanazuoni. Nasema tu kwamba amefungwa kwa tumbo lake, na aliyemfunga asijihesabie sadaka.

Sasa tufike kwa Sayyidna Umar (R.A.), ambaye kwangu ndiye anayemjibu ndugu yetu. Katika Sahih Bukhari imepokewa kwamba Umar alimweka mtumwa wake aliyeachwa huru, Hunayy, kuwa mlinzi wa hima, yaani malisho yaliyotengwa kwa wanyama wa umma. Kazi ile ile ya rafiki yetu! Umar alimwagiza awe mpole kwa watu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Akamwamuru amruhusu aingie mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na awazuie wanyama wa Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan. Masahaba wakubwa, matajiri! Sababu aliyoitoa ni kwamba wale wawili wakipoteza mifugo wana mitende na mashamba ya kurudia, lakini maskini mifugo yake ikifa atakuja na watoto wake mlangoni kwa Khalifa. Umar alikiri pia kwamba watu waliona wamedhulumiwa, kwa sababu nchi ile ilikuwa yao. Na lau si haja ya umma asingewatengea hata shubiri moja.

Uzio wa Umar ulikuwa na mlango, na mlango ule ulifunguka upande wa maskini. Nyua nyingi za zama zetu hufunguka upande wa pili. Wala tusidhani hili ni la makafiri peke yao. Loliondo, Tanzania, kampuni ya Imarati inawinda tangu 1992. Juni 2022 serikali ilipoweka vigingi kwenye kilomita za mraba 1,500, Wamaasai walijeruhiwa, askari mmoja aliuawa, na familia zikavuka kuingia Kenya. Uislamu wa mwenye mali hauugeuzi uzio kuwa hima.

Basi ndugu yangu wa Tororo, nionavyo mimi mwanafunzi, asili ya kazi yako ni halali. Kuhesabu wanyama, kuweka chumvi, kujenga uzio kuizunguka, kumrudisha ng'ombe kwa upole, hakuna ubaya. Mwambie bosi wako ahamishe chumvi mbali na bwawa, na uzio aujenge kwa gharama yake. Akikubali, umewasaidia swala, ng'ombe na yeye mwenyewe. Akikataa, na siku ya kiangazi akakuamuru tena kumwondoa mzee na ng'ombe wake wanne majini, amri hiyo usiitii. Hakuna utiifu kwa kiumbe katika kumuasi Muumba. Najua kazi zilivyo adimu, na najua nani kwenu anangoja mshahara huo kila mwezi. Mimi nimeketi chuoni na ni rahisi kwangu kusema. Lakini Hunayy naye alikuwa mtu wa kuajiriwa, na alichoambiwa aogope hakikuwa kufutwa kazi.

Na yule mzee, ukirudi, mtafute. Umwombe radhi, kama tunavyofanya kwetu kamba inapokatika.

Nikipatia ni kwa tawfiki ya Mwenyezi Mungu, na nikikosea ni kwangu mwenyewe. Mwenye elimu zaidi anisahihishe. Wallahu a'alam.