Ujira wa Mpagazi

Hapa Tabora ndipo ilipopita njia ya misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe kwa ujira waliopatana. Wakipunjwa, wengine waliutua mzigo wakaenda zao. Je, huo ni utoro?

Simon Msuva alitoka Yanga mwaka 2017 akacheze soka Moroko, katika Difaa El Jadida, kisha Wydad. Malipo yalipokwama aliondoka, akashtaki. Mwaka 2022 FIFA ikampa haki.

Najua, mzigo uliotuliwa njiani huwaelemea wenzi wasio na hatia. Hata hivyo, mapatano hubebwa na wawili. Kabla ya kumwita mtu mtoro, tumwulize kwanza aliyemkodi: je, wewe umelipa?