Misa Haina Sukari



Kila ninapokuja likizo kuna neno nalisikia: "Frateri, kusema kweli Misa haina ladha." Wanaolisema hawana chuki na Kanisa. Wengine walikuwa watumikiaji altareni, Kipaimara wamepata, na sasa Jumapili asubuhi wako kwenye mikutano ya uwanjani ambako, wanasema, angalau mtu "anasikia kitu". Siwacheki. Ladha si jambo dogo, na nimeiwaza sana tangu Jumamosi.

Jirani na parokia yetu kuna mama anayeoka nyuma ya nyumba yake. Si kiwanda: banda la bati, tanuri la matofali, meza moja nyeupe kwa unga. Nilipita kumwamkia, akaniwekea sahani. "Onja, frateri, uniambie." Nikaanza na skonsi, zilikuwa bado za moto. Kisha keki za vikombe zenye harufu ya limao. Halafu mkate wa kumimina, ambao ndio ufundi wake hasa: mchele uliolowekwa, ukasagwa na tui zito, sukari, iliki na hamira, ukaachwa uumuke, ukaokwa moto chini na makaa juu ya mfuniko. Juu umeiva rangi ya kahawia, ndani laini, una vishimo vishimo kama sega la nyuki. Nilikula vipande vitatu. (Chakula cha seminari kina fadhila zake, ila iliki haimo.)

Nikamuuliza, mama, wewe unapenda kipi? Akacheka. "Mimi? Mkate mkavu na chai. Hivi vitamu ni vya kuuza na vya sikukuu, mwanangu. Ukivila kila siku vinakinaisha. Mkate mkavu haukinaishi."

Nilikumbuka mana. Kitabu cha Kutoka, sura ya 16, kinasema ilikuwa na ladha kama ya maandazi membamba yaliyotiwa asali. Kitabu cha Hekima, sura ya 16 pia, kinaongeza kwamba iligeuka kulingana na hamu ya kila mtu. Sasa soma Hesabu sura ya 11: watu wale wale wanalia, wanataka samaki, matango na vitunguu vya Misri. Ukifika sura ya 21 wanasema wazi kwamba chakula kile kimewachosha. Kama mkate wa asali kutoka mbinguni ulikinaisha watu, je, spika kubwa na kinanda kipya vitatushika miaka mingapi?

Hostia yenyewe haina cha kuubembeleza ulimi. Kanoni ya 924 inataka mkate wa ngano tupu, uliotengenezwa karibuni; kanoni ya 926 inataka, kwetu Walatini, usiwe na hamira. Hati ya Redemptionis Sacramentum ya mwaka 2004 inasema kutia matunda, sukari au asali ni kosa zito. Kanisa linafanya hivyo kwa utii kwa Bwana, lakini mimi naona humo na huruma: hakuna anayeitwa mezani pale kwa sababu ya utamu wa unga.

Basi ladha inatoka wapi? Kwa Kilatini, sapere ni kuonja na pia kuwa na hekima, na Mtakatifu Thoma wa Akwino anazungumzia ujuzi wenye ladha, ule unaowaka upendo. Huupati kwa kusimama dirishani. Zaburi ya 34 inaweka kuonja mbele ya kuona, na wengi wetu tunataka tuone kwanza. Ndiyo maana kijana akinilalamikia ladha, namuuliza taratibu: mara ya mwisho umekula lini? Mara nyingi jibu ni miaka. Hajakomunika tangu Kipaimara, hajaungama, anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, kisha anasema chakula hakina ladha! (Simsemi yule ambaye hali ya ndoa yake imemzuia. Huyo njaa anaijua kuliko sisi, na wapo wanaokaa mbele kabisa.)

Wala sisi tunaojiandaa kuhubiri tusijitetee. Mahubiri yasiyoandaliwa ni donge lisiloumuka, na mtu mwenye njaa ana haki ya kukasirika akipewa.

Kwa wewe uliyekaa muda mrefu bila kukomunika: wiki hii muone padre, mwombe uungame, hata kama umesahau sala ya kutubu, atakusaidia. Jumapili kaa benchi la tatu. Kufunga ni saa moja tu kabla ya Komunyo, maji na dawa haviharibu. Mkate wa kumimina subiri baada ya Misa.