Njia ya Wote Siku ya Mvua

Masika yakishika katika vilima vya Tarime, na ng'ambo ya mto Mara katika nchi ya Serengeti, mwenye baiskeli hukutana na swali ambalo wakati wa kiangazi halimsumbui. Kijia kipitacho vichakani na kati ya mikaratusi kimelowa. Je, aendelee kuendesha, au ashuke asukume?

Penye udongo mweusi wa mbuga swali hujibiwa na tope lenyewe, kwa maana hunata hata gurudumu lisizunguke, na mtu huibeba baiskeli iliyokuwa ikimbeba. Hapo hana sifa wala lawama. Lakini kwenye mteremko wa kilima baiskeli yaweza kupita. Hapo ndipo dhamiri hupimwa.

Huenda msomaji atacheka kwamba tunaingiza dhamiri katika matope. Na afikiri kidogo. Mguu huacha alama moja moja, na kati yake ardhi hubaki nzima. Gurudumu huacha mfuo mmoja usiokatika. Mvua ifuatayo huukuta mfuo huo tayari, huteremka nao kama mfereji, na kuchukua udongo kuelekea mtoni. Misimu ikipita, palipokuwa na njia pana korongo. Aliyeanzisha mfuo amekwisha kwenda zake. Walipao ni mama mwenye ndoo kichwani, mtoto aendaye shule, na mzee mwenye fimbo yake.

Kuna watu waendeshao baiskeli milimani na misituni kwa furaha tu. Mchezo huo ulichipuka katika miaka ya 1970 huko California, Marekani, na mwaka 1996 uliingia katika Michezo ya Olimpiki mjini Atlanta. Chama chao cha kimataifa, kilichoundwa mwaka 1988, chawaasa wasiziharibu njia zilizolainika kwa mvua. Wachezaji wamekubali kujizuia.

Lakini kwao ni rahisi, maana mchezo waweza kungoja jua. Mkungu wa ndizi haungoji siku ya soko, wala mgonjwa hangoji njia ikauke. Je, mwenye shida naye afungwe na sheria hiyo?

Toma wa Akwino alifundisha katika karne ya 13 kwamba katika dhiki kuu mtu ana haki ya kutumia kilicho cha mwenzake. Twalikubali neno hilo, ila tulipime vizuri. Dhiki humpa mtu ruhusa ya kupita. Haimwondolei deni la alichoharibu. Tena haraka si dhiki, na uvivu wa kushuka si dhiki hata kidogo.

Basi twaona hivi. Asiye na shida kubwa na ashuke penye mteremko. Aliyelazimika kupita na arudi na jembe mvua ikikatika: aufukie mfuo, achimbe mchepuko wa kuyatoa maji pembeni, atie mawe palipolegea. Mwenye pikipiki asidhani amesahauliwa. Gurudumu lisukumwalo na injini huchimba zaidi, na deni lake ni kubwa zaidi.

Njia hiyo hatukuianzisha sisi. Iliundwa na miguu ya waliotutangulia, nao walituachia ikiwa nzima. Na watakaotufuata waikute hivyo.