Likizo na Dhamana ya Kazi

Zamani kazi na mahali vilikwenda pamoja, intaneti imevitenga. Mkulima wa Nambambo, wilayani Nachingwea, hawezi kurefusha mapumziko ufukoni Lindi wakati wa msimu wa korosho, maana korosho zake huanguka chini ya mti wake, wala hazimfuati baharini. Karani wa hesabu aweza. Likizo ikiisha huongeza juma zima, akafungua kompyuta kivulini mwa mnazi, na hesabu zikafika ofisini kwa wakati. Je, ametenda kosa?

Kukaa ufukoni si kosa. Ujira hulipa kazi, haulipi kiti. Walakini umbali una hila yake, na Nachingwea yaijua. Mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947 uliamuliwa London, mbali na udongo na mvua yake. Ukaachwa mwaka 1951 kwa hasara ya mamilioni ya pauni. Basi aliye mbali asiulize tu kama sehemu yake imetimia. Aulize pia nani abeba mzigo usiosafiri: mgeni wa kusikilizwa na mlango wa kufunguliwa.

Nafsi nayo ina haki yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa wa Tanzania siku 28 za likizo kwa mwaka. Achanganyaye wimbi na hesabu huenda akarudi hakupumzika wala hakutenda kazi. Mshika mbili moja humponyoka. Arefushaye kukaa na aombe ruhusa, atenge saa ya kazi na saa ya bahari. Uhuru usio na uaminifu ni utoro wenye jina zuri.