Shikilia Daraja Mpaka Waje



Leo nataka tuongee jambo ambalo wengi tunalijua ila hatulisemi: ile Jumatatu baada ya kongamano. Umerudi kutoka kambi ya vijana, au umetoka kuungama vizuri baada ya miaka mingi, au ni wiki ya tatu tu tangu Askofu akupake krisma ya Kipaimara. Moyo ni mweupe. Umefuta namba fulani kwenye simu, umejitoa kwenye lile kundi, umemwambia Yesu, "Sasa basi, mimi ni wako." Halafu inafika Jumatatu usiku, uko peke yako chumbani, na yale mambo yanarudi. Tena yanarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Ndipo sauti inakunong'oneza: "Si unaona? Haikuwa kweli. Zilikuwa hisia tu za kambi."

Vijana wengi hawapotei kwa sababu hawakuwahi kumpokea Kristo. Wanapotea kwa sababu waliiamini sauti hiyo. Kwa hiyo nataka niijibu, na nitaijibu kwa kisa cha daraja.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944, Uingereza, Marekani na washirika wao walikuwa wanajiandaa kushuka kwenye fukwe za Normandy, Ufaransa, nchi iliyokuwa chini ya jeshi la Hitler. Upande wa mashariki wa fukwe hizo, karibu na kijiji cha Bénouville, kulikuwa na madaraja mawili yaliyokaribiana: moja juu ya mfereji wa Caen, lingine juu ya mto Orne. Wajerumani wakiendelea kuyashika, vifaru vyao vingeweza kupita pale na kuwapiga ubavuni watu waliokuwa wanashuka kutoka baharini. Yakilipuliwa, askari wa miavuli watakaotua ng'ambo ya mto wangebaki wamekatwa, bila njia ya kupata msaada. Basi ilitakiwa madaraja yatekwe yakiwa mazima.

Kazi hiyo alipewa Meja John Howard na watu wapatao 180. Walipelekwa kwa ndege sita zisizo na injini, zinaitwa glaida, zimetengenezwa kwa mbao. Ndege za kulipua mabomu zilizivuta kwa kamba hadi pwani ya Ufaransa, kisha kamba zikaachiwa. Toka hapo ni kushuka tu gizani, kimya, rubani ana dira na saa mkononi. Glaida haina kujaribu mara ya pili. Ukikosea kutua, hupandi tena.

Saa sita na dakika 16 usiku, glaida ya kwanza, ikiongozwa na Jim Wallwork, ilijikwaruza ardhini na kusimama chini ya mita 50 kutoka daraja la mfereji. Kishindo kilikuwa kikubwa kiasi kwamba Wallwork na mwenzake walirushwa nje kupitia kioo cha mbele. Askari wakatoka mbio. Luteni Den Brotheridge aliongoza kikosi chake kuvuka daraja, akapigwa risasi, akafa. Mke wake alikuwa mjamzito. Mtoto wao wa kike alizaliwa wiki kama mbili baadaye. Kwa muda wa dakika kumi hivi, madaraja yote mawili yalikuwa mikononi mwao.

Watu wengi wakisimulia kisa hiki huishia hapo. Lakini amri aliyopewa Howard ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza: teka madaraja. Ya pili: yashikilie mpaka wenzako wafike. Sehemu ya kwanza ilichukua dakika kumi. Ya pili ilichukua karibu siku nzima.

Kijana mwenzangu, hapo ndipo ninapotaka tukae leo.

Kongamano lako, ungamo lako, Kipaimara chako, hizo ndizo zile dakika kumi. Neema ilishuka kwa kishindo, daraja likatekwa, na ilikuwa kweli kabisa. Usikubali mtu akuambie vingine. Lakini Wajerumani walipojua kwamba daraja limetekwa, walifanya nini? Walikuja kulirudisha. Magari ya vita yalisogea gizani, na Sajini Thornton akiwa na silaha ndogo ya kurushia bomu, silaha ambayo askari wengi hata hawakuipenda, alilipiga lile la mbele likalipuka. Yaliyokuwa nyuma yakarudi. Asubuhi wadunguzi wakaendelea kuwafyatulia. Je, mashambulizi hayo yalionyesha kwamba daraja halikutekwa? Hapana! Yalikuja kwa sababu lilitekwa. Hakuna anayetuma vifaru kwenda kuteka kitu ambacho tayari ni chake.

Bwana wetu alilisema hili waziwazi. Fungua Luka 11:24-26. Pepo mchafu akishamtoka mtu hazunguki tu na kusahau. Anarudi kuitazama nyumba, na akiikuta imefagiliwa vizuri anakwenda kuleta wenzake saba. Yesu hakusema hivyo ili kututisha. Alisema ili tusishangae. Kwa hiyo kishawishi kikirudi Jumatatu usiku, usiseme, "Basi sikubadilika." Sema, "Kumbe nimeshika kitu cha thamani."

Sasa, tunashikaje? Nataka uangalie walichofanya watu wale.

Kwanza, risasi zikiwa bado zinalia, wahandisi walipita chini ya daraja wakitafuta baruti na kukata nyaya. Walijua Wajerumani wameliandaa lile daraja ili waweze kulilipua. Wakakuta vilipuzi havijafungwa bado, viko stoo jirani. Lakini walihakikisha, hawakubahatisha. Ndugu yangu, baada ya kuungama, pita chini ya daraja lako. Ni waya gani bado umeuacha? Namba uliyoifuta lakini umeikariri kichwani? Programu ya kubeti uliyoitoa kwenye simu lakini akaunti bado ina hela? Huyo "rafiki wa kawaida" unayechati naye usiku wa manane? Kusudi la kutotenda dhambi tena ni lazima lifike chini huko, kwenye nyaya. La sivyo tunashangilia juu ya daraja huku baruti ikiwa chini ya miguu yetu.

Pili, mtu wa redio, Koplo Tappenden, alikaa anatuma maneno mawili ya siri: "Ham and Jam". La kwanza lilimaanisha daraja la mfereji limetekwa, la pili lilimaanisha daraja la mto limetekwa. Alituma tena na tena. Hakuna aliyejibu. Brigedia aliyetakiwa kupokea ujumbe alikuwa ametua kwa mwavuli na mtu wake wa redio alikuwa ameuawa. Hebu fikiri: umeshinda, unapiga redio, unasikia kimya tu. Wangapi kati yetu tunasali hivyo? Rozari inaisha, hakuna hisia yoyote. Unapiga magoti mbele ya Ekaristi, akili imekauka. Lakini kimya cha redio hakikumaanisha kwamba wenzao hawapo. Walikuwa njiani, gizani, wanatembea. Howard akachukua filimbi, akapiga alama ya ushindi, akapiga tena. Askari wa miavuli waliotawanyika mashambani waliisikia wakajua waelekee wapi.

Hapo kuna fundisho ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Howard hakujua nani anasikia. Nawe hujui. Unapokwenda Misa Jumapili ukiwa umechoka, bila raha, kuna mdogo wako anakuona. Unapokataa rushwa ndogo kazini, au unapofunga simu na kusali sala ya jioni wenzako wa chumba wakiwa wanacheka, hiyo ni filimbi. Mtu aliyepotea gizani anaweza kupata njia kwa sababu wewe hukunyamaza.

Tatu, msaada ulikuja, ila ulikuja kwa mafungu. Kama saa tisa usiku wakafika askari wa miavuli. Mchana wakafika makomando kutoka ufukweni, wakiongozwa na Lord Lovat, Mkatoliki wa Uskoti, na mpiga zumari wake Bill Millin. Usiku wa siku hiyo kikosi cha askari wa miguu kikawapokea zamu. Mungu naye anatulisha hivyo. Hatupi siku moja nguvu za miaka hamsini, anatupa Ekaristi ya Jumapili hii, ungamo la mwezi huu, padre anayekusikiliza leo, rafiki anayekuuliza, "Umeamkaje kiroho?" Katekisimu, namba 162, inatufundisha kwamba imani ni zawadi inayoweza kupotea, na kwamba ili tudumu nayo hadi mwisho ni lazima tuilishe kwa Neno la Mungu na kumwomba Bwana aiongeze. Mtakatifu Augustino aliandika kitabu kizima kusema kwamba kudumu hadi mwisho ni zawadi ya Mungu. Naye alikufa mwaka 430 akiwa ndani ya mji wa Hippo uliozingirwa na maadui. Alijua maana ya kungoja msaada.

Labda unanisoma na unasema moyoni, "Mimi hata darajani sikufika. Nilianguka mbali." Sikiliza hili. Katika zile glaida sita, moja ilishushwa mahali pasipo penyewe, kilomita kadhaa mashariki, kando ya mto mwingine. Walipogundua, hawakukaa chini kulia. Walitembea usiku huohuo, katikati ya adui, kuwatafuta wenzao. Ukiwa mbali, ndugu, anza kutembea usiku huuhuu. Kiti cha kitubio kipo. Hakuna padre atakayekuuliza kwa nini umechelewa. Atafurahi kwamba umefika.

Lakini tusiishangilie vita. Karibu na daraja lile, Ranville, kuna makaburi. Brotheridge amezikwa kwenye uwanja wa kanisa, na katika makaburi ya jirani wamelala vijana wa Kiingereza pamoja na vijana wa Kijerumani, wengi wa rika lako na langu. Kila mmoja alikuwa na mama aliyemngoja. Kanisa linatufundisha kuchukia vita na kuombea amani. Vita yetu sisi si dhidi ya watu. Mtakatifu Paulo anatukumbusha hilo katika Waefeso 6:12. Yule aliyekukosea si adui wa kulipuliwa, ni roho ya kuombewa. Ninachochukua kwa askari wale si silaha zao, ni uaminifu wao kwa amri ya pili.

Na amri hiyo tumepewa na sisi. Katika Ufunuo 2:25, Bwana Mfufuka analiambia Kanisa la Thiatira lisiachie kile lilicho nacho, hadi atakapokuja. Angalia, hakuliambia likamalize vita yote. Howard hakuagizwa aikomboe Ulaya. Aliagizwa ashike daraja moja. Wewe nawe hukuagizwa uuokoe ulimwengu. Kristo ameuokoa tayari msalabani. Umepewa sehemu yako ndogo: usafi wa moyo wako, uchumba wako, ukweli wako kazini, sala ya nyumbani kwenu. Shika hapo. Anayekuja kukupokea yuko njiani, na Yeye hajawahi kupotea gizani.

Wiki hii fanya mambo matatu tu. Kata waya mmoja, ule unaoujua wewe. Sali fumbo moja la rozari kila siku hata kama redio iko kimya. Na mtafute kijana mmoja mliyekuwa naye kambini, umuulize anaendeleaje. Huenda yuko peke yake kwenye daraja lake.

Tusali: Bwana Yesu, ulitupa neema yako bila sisi kustahili. Tusaidie tusiiachie. Tukishambuliwa, tukumbushe kwamba sisi ni wako. Ukinyamaza, tupe kuamini kwamba unakuja. Walio mbali warudishe, waliokufa vitani uwapokee, na dunia yetu uijalie amani. Maria, Mama Msaada wa Wakristo, utuombee. Amina.