Mti wetu na shamba la jirani

Huku milimani kwa Kivu wengi wetu twapanda mikaratusi mpakani mwa shamba. Mti huo, wenye asili ya Australia, hukua upesi, hutupa makala na mbao. Tena mstari wa miti huvunja nguvu za upepo: miti yenye urefu wa mita 10 yaweza kukinga mimea karibu mita 100 nyuma yake, na udongo wa pale haukaushwi upesi. Faida hiyo hata jirani huipata.

Lakini tutazame karibu na miti. Pale maharagi ni mafupi, yana rangi ya manjano. Mizizi haijui mpaka. Hupita chini na kunywa maji ya shamba la pili. Mwenye miti asema: «Nimepanda katika udongo wangu.» Ni kweli. Je, ni haki?

Sisi twajibu: si haki. Asiyeiba kwa mkono aweza kuiba kwa mti wake. Wala tusimwambie jirani, «Tumekukinga na upepo, basi nyamaza.» Wema ambao hakuuomba si deni juu yake.

Tusikate miti yote, tusije tukapoteza kinga. Tuipande ndani zaidi ya shamba letu, tuchimbe mfereji mpakani wa kukata mizizi, au tuchague mti wa grevilea, usioshindana sana na mazao. Hasara ya kivuli na mizizi ianzie kwetu. Na kabla ya kupanda, tumwite jirani, tupime pamoja.