Ilimu ya Pwani na Mwenye Kuisoma

Twataka kusema kidogo katika jambo ambalo wazee wengi huliuliza, nao wana haki ya kuliuliza. Kijana apelekwapo skuli akasomeshwa khabari za mikoko na matumbawe na samaki na mvua, je, hiyo ni ilimu ya kumfaa yeye na watu wake, au ni kupoteza siku? Kwani babu yake alijua bamvua na maji mafu, kaskazi na kusi, na mwamba wenye changu na mwamba usio kitu, wala hakushika kalamu.

Suali hili halijibiwi kwa kumdharau babu. Mvuvi aijua bahari kwa mikono yake, na mwanafunzi amwendeaye kwa kiburi atarudi mtupu. Walakini yako mambo ambayo mkono hauyafikilii. Mkono wajua ya kuwa samaki wamepungua. Haujui sababu zote. Samaki wengi na kamba hukulia katika mizizi ya mikoko, ndani ya tope, mahali ambapo mvuvi hatupi mshipi wake. Basi akataye mikoko ovyo huenda amemkata samaki ambaye angalivuliwa mwambani mwaka ujao, na aliyekoseshwa samaki yule pengine ni nduguye. Baruti nayo huvunja tumbawe pamoja na kuua samaki, na tumbawe likivunjika halirudi kwa mwaka wala kwa miwili. Haya huyatambua mtu aliyehisabu na kuandika kwa muda mrefu.

Na hapa ndipo ilipo faida ya kwanza, nayo ni nzito kuliko watu wadhanivyo: ajuaye hana udhuru tena. Asiyejua ya kuwa kitendo chake chamdhuru jirani aweza kusamehewa. Ajuaye kisha akanyamaza, ilimu yake yasimama shahidi juu yake. Kwa hivyo hatusemi ya kuwa ilimu hii humfanya kijana kuwa mtu mwema. Humfanya mtu wa kuulizwa, na cheti kilichotundikwa ukutani hakimwondolei masuala hayo.

Tazama Gazi, katika Kwale. Mikoko mingi ya huko ilikatwa miaka ya 1970 ikawa kuni za viwanda, na pwani ikabaki wazi. Katika miaka ya 1990 wenye ilimu ya bahari walipanda upya pamoja na wanakijiji, wakajaribu aina kwa aina, kwani kila mti una mahali pake: mlilana husimama mbele kukabili mawimbi, na mkandaa hutaka nyuma, karibu na nchi kavu. Apandaye mmoja mahali pa mwenziwe hupanda mti wa kufa, hatta akiwa na nia njema namna gani. Mwaka 2013 watu wa Gazi na Makongeni wakaanzisha mradi wao uitwao Mikoko Pamoja, wa kutunza hektari 117. Miti hiyo huvuta kaboni hewani na kuiweka katika tope. Huhisabiwa kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka, wanunuzi wa mbali hulipa, na fedha hutiwa katika maji na skuli za vijiji. Mtu aweza kuuliza, na sisi twauliza, kama ni haki tajiri atoe moshi wake kisha anunue tope letu. Lakini hatta kuliuliza jambo hilo sawasawa kwataka mtu wetu ajuaye kuhisabu tani zile, ama sivyo tutauza tusichokijua kwa bei tusiyoifahamu.

Huko Pemba, kisiwa cha Misali, ambacho wazee hunasibisha jina lake na msala wa Nabii Khidhr, kilifanywa hifadhi mwaka 1998. Amri ya serikali wavuvi waliisikia kwa sikio moja. Baadaye walimu wa dini walipokaa nao wakawaeleza amana ya mwanadamu katika viumbe, wengi waliisikia kwa yote mawili. Ilimu ya tumbawe peke yake haikutosha. Ilitaka msemaji ambaye watu wamwamini.

Limebaki jambo gumu kuliko yote, nalo ni tumbo. Majahazi yalichukua boriti za Lamu hatta Arabuni miaka na miaka, na upana wa vyumba vya huko ukafuata urefu wa boriti zetu. Mwaka 1982 Kenya ilikataza kuzipeleka nje. Kuhifadhi miti ni kweli. Lakini mkataji wa boriti alikula nini siku ya pili? Kijana aliyesoma khabari za mkoko asisome khabari za mtu huyu amesoma nusu ya kitabu. Akienda kumkataza, na aende na shauri la riziki: mizinga ya nyuki mikokoni, kaa wa kufugwa, au zamu za kukata na kupanda, na kabla ya hayo amwombe mkataji amwonyeshe mti upi wakua upesi na upi wachelewa, kwani hilo mkataji alijua zamani.